Tiba ya Kikundi kwa Njia ya Simu

Huenda unaishi Funzi, na jambo linalokuumiza katika ndoa yako hujamwambia mtu. Si kiburi. Kisiwani kila mtu ni shangazi au binamu wa mwingine, na neno likitoka kwako asubuhi, jioni limefika ufuoni. Ukitaka kumwona mshauri nasaha itakubidi uvuke kwa mashua hadi Bodo, upande bodaboda hadi barabara kuu, ndipo ushike njia ya Msambweni. Na kabla hujavuka umekwisha ulizwa mara tatu waenda wapi!

Kwa mtu kama wewe, tiba ya kikundi kwa njia ya mtandao yafaa kufikiriwa. Watu wachache wenye tatizo la namna moja hukutana kwenye simu kila juma, wakiongozwa na mtaalamu. Mmoja yuko Kisumu, mwingine Nakuru. Hakuna ajuaye mlango wako. Tuseme mke amefiwa na mtoto, na mumewe hataki hata jina la marehemu litajwe. Mke huyo hudhani yuko peke yake duniani. Akimsikia mama mwingine akisimulia hayo hayo, mzigo hupungua. Akimsikia baba akieleza kwa nini yeye hunyamaza, huanza kumwelewa wa kwake. Mshauri akiwa peke yake, hata awe hodari namna gani, ni vigumu kumpa hilo.

Haya si maneno matupu. Mwaka 2002, katika vijiji 30 vya Masaka na Rakai nchini Uganda, tiba ya vikundi kwa wenye sonona ilijaribiwa kwa majuma 16, wanaume mbali na wanawake mbali. Mwishoni, waliobaki na ugonjwa katika vijiji vilivyotibiwa hawakufika 7 katika kila 100. Katika vijiji vingine walizidi nusu. Walikutana ana kwa ana, naam, lakini korona ilipozuia mikutano mwaka 2020, shirika la StrongMinds, linalotumia tiba hiyo hiyo huko Uganda, lilihamishia vikundi kwenye simu.

Utakipataje kikundi? Anza kwa kuuliza hospitali ya Msambweni, au mshauri yeyote unayemwamini, akuelekeze. Usijiunge na kila kundi la WhatsApp lenye jina zuri. Muulize kiongozi kama amesajiliwa chini ya Sheria ya Washauri na Wanasaikolojia ya mwaka 2014. Muulize pia ada, idadi ya watu, na kama kurekodi kumekatazwa. Akikasirikia maswali hayo, mwache.

Je, umwambie mwenzi wako? Kwa kawaida mwambie, maana simu ya kufichwa huzaa shuku mbaya kuliko tatizo lenyewe. Lakini yale ya wenzako kikundini usimpe. Ikiwa unapigwa nyumbani, mambo ni mengine kabisa: usingoje kikundi, piga 1195, bila malipo, saa yoyote.

Vaa visikizio, na uchague saa ambayo watoto wako chuoni au wamelala. Kuta za makuti hazizuii sauti. Tena jaribu mtandao siku moja kabla, ujue ni pembe gani ya ua inayoshika vizuri.