Kichwa Kilipona, Umakini Haujarudi

Kidonda kikifunga na picha ya CT ikionyesha hakuna damu iliyovuja, familia hudhani mgonjwa amepona. Wiki chache baadaye malalamiko huanza. Anaacha jembe katikati ya mstari. Maziwa yanafurika jikoni. Abiria wa boda boda amesema Kiminini, naye anapita moja kwa moja hadi Kitale mjini. Nyumbani anaitwa mvivu. Wengine humpeleka kwa mganga.

Huo si uvivu. Kichwa kinapogonga lami, ubongo hutikisika ndani ya fuvu na nyuzi zinazounganisha sehemu zake huvutika au kukatika. Mara nyingi uharibifu huo hauonekani kwenye picha ya CT. Sehemu iliyo nyuma ya paji la uso, inayochagua jambo la kushika na la kuacha, huumia kwa urahisi.

Mtikisiko mdogo huwaisha wengi ndani ya wiki chache hadi miezi 3. Jeraha kubwa huchukua muda zaidi, hata mwaka 1 au 2.

Matibabu huanza na vitu vinavyokula umakini: kukosa usingizi, maumivu ya kichwa, huzuni, pombe. Kisha mtaalamu wa tiba ya kazi humfundisha mgonjwa mbinu ndani ya kazi yake halisi. Wakala wa M-Pesa, kwa mfano, hujifunza kuzima redio, kuhudumia mteja mmoja, kusoma namba kwa sauti, kutulia kidogo, ndipo abonyeze. Michezo ya kompyuta ya kunoa akili humfanya mtu awe hodari wa michezo hiyo, basi. Ipo pia dawa, methilifenideti, inayoweza kuongeza kasi ya kufikiri kwa baadhi ya wagonjwa, lakini lazima iandikwe na daktari.

Ninyi wa nyumbani, mpeni agizo moja kwa wakati na nafasi ya kupumzika kabla hajachoka. Asipande pikipiki kama dereva mpaka daktari amruhusu, hata kama mkopo wake unadai kila siku.

Anzeni katika hospitali ya rufaa ya kaunti, Kitale au Bungoma; ikihitajika mtapewa barua ya kwenda Hospitali ya Moi, Eldoret. Akitapika mara kwa mara, akipata kifafa, au akiwa mgumu kuamka, msingoje kliniki: mpelekeni saa hiyo hiyo.