Mbwa wa Kulinda Kuku Uani: Chaguo Linalogusa Afya ya Nyumba Nzima

Katika mitaa ya Kariakoo, Gerezani na Ilala, ingawa maghorofa yamechukua nafasi ya nyumba nyingi za zamani, bado zipo nyua ambamo kuku wa kienyeji hufugwa. Mchana kunguru na paka hunyakua vifaranga. Usiku huja panya, na pengine mwizi wa miguu miwili. Mfugaji aliyepata hasara huuliza: nitafute mbwa wa aina gani? Somo hili linalijibu swali hilo pia kwa upande wa tiba, kwa kuwa mbwa anayelala kando ya banda ndiye huyo huyo anayecheza na watoto.

Aina na kazi yake

Mbwa wa mifugo ni wa makundi mawili makubwa. Kundi la kwanza ni waswagaji, ambao kazi yao imejengwa juu ya silika ya kuwinda: hukodoa macho, hunyatia na kufukuza. Katika uwanja mwembamba silika hiyo humsumbua kuku na hata kumwua. Tena kuku hana haja ya kuswagwa. Jua likizama hurudi bandani mwenyewe.

Kundi la pili ni walinzi, kama mbwa wakubwa wa Anatolia nchini Uturuki, ambao tangu 1994 wamekuwa wakigawiwa wafugaji wa Namibia ili kulinda mbuzi dhidi ya duma. Hawa huzoeshwa mifugo tangu udogoni. Hata hivyo, ni mbwa wa malisho mapana, hula sana, na ua wa Kariakoo hauwatoshi. Mbwa wa jamii ya German Shepherd naye, kwa manyoya yake mazito, hutaabika katika joto la Dar es Salaam.

Kwa hiyo anayefaa zaidi ni mbwa wa kienyeji: mwili wa kadiri, manyoya mafupi, amezoea hali ya hewa yetu. Achukuliwe akiwa na umri wa wiki nane hivi, kutoka kwa mama mtulivu, akuzwe akiwaona kuku kila siku chini ya uangalizi. Asilishwe matumbo mabichi ya kuku, na apewe dawa ya minyoo, maana baadhi ya minyoo ya mbwa huwaambukiza watoto wanaochezea udongo.

Katika nyumba ya wapangaji wengi, majirani washauriwe kabla mbwa hajaletwa. Kwa madhehebu ya Shafii yaliyoenea pwani, mate ya mbwa ni najisi, ijapokuwa mbwa wa ulinzi huruhusiwa. Awe na mahali pake na chombo chake.

Kichaa cha mbwa

Sifa iliyo juu ya zote ni chanjo. Kichaa cha mbwa huua takriban watu 59,000 duniani kila mwaka, na dalili zikishaonekana kwa mgonjwa, kupona ni nadra mno. Mbwa achanjwe afikapo miezi mitatu na chanjo irudiwe kila mwaka. Kisiwani Pemba, uchanjaji wa mbwa ulikomesha ugonjwa huu 2014. Uliporudi 2016, kampeni zilirejeshwa, na kufikia mwishoni mwa 2018 ulikuwa umetokomezwa tena. Ili kuukata mnyororo wa maambukizi, asilimia 70 ya mbwa wanapaswa kuchanjwa.

Mtu aking'atwa au kukwaruzwa:

1. Oshea jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15.
2. Usipake majivu, mafuta wala dawa ya kienyeji.
3. Nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo, hata kama jeraha ni dogo na mbwa ni wako.
4. Maliza dozi zote za chanjo ulizopangiwa.
5. Mbwa akipatikana, afungwe na kuangaliwa kwa siku 10, lakini matibabu yasingojee siku hizo.

Mhudumu wa afya amuulize kila mtoto mwenye jeraha kama amechezewa au kung'atwa na mbwa, kwani wengi huficha wakiogopa kugombezwa.

Mlinzi wa kwanza

Mbwa hawezi kuzuia mdondo, ugonjwa unaomaliza kuku wa kienyeji kuliko mwizi yeyote. Chanjo ya I-2, tone moja jichoni kila miezi mitatu, ndiyo kinga yake. Wavu imara wenye matundu madogo na mlango wenye kufuli hulinda vifaranga usiku kucha bila kumng'ata mtu. Mfugaji aanze na hayo. Akiona bado anahitaji mbwa, na anaweza kumlisha na kumchanja kila mwaka, amlete. Asipoweza kumchanja, asimfuge: kifaranga aliyepotea hupata mbadala sokoni, mtoto hapati.