Somo: Kukusanya Vifaa vya Wanasesere wa Nguo na Rangi za Kuchorea

Vikundi kadhaa tunavyotembelea vimetuuliza habari ya kushona wanasesere wa nguo, yaani watoto wa bandia, ama wadoli kama wengi tunavyosema. Swali la kwanza huwa ni lile lile: tutapata wapi pesa za vifaa? Sisi twajibu hivi: kabla ya kugusa pesa za chama, zungukeni kwanza kijijini na gunia. Vifaa vingi mko navyo tayari, na vingine vinachomwa pamoja na takataka.

Wala kazi hii si ya kigeni. Waturuki wa zamani hatuwajui, lakini Waturkana wetu tangu zamani wamewapa wasichana wanasesere wa kokwa za mkoma, ngozi na shanga. Watoto vijijini nao hujitengenezea wa magunzi ya mahindi. Jambo jipya hapa ni kuuza, na mnunuzi ana macho.

Tuanze na kitambaa cha mwili. Kinachofaa zaidi ni merikani. Jina hilo lilitokana na Marekani, kwa sababu katika karne ya 19 meli za wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, zilileta kitambaa hicho kwa wingi pwani yetu. Ni pamba tupu, imara, na haikwaruzi. Lakini mtoto wa bandia wa kwetu kwa nini awe mweupe? Chemsha majani mengi ya chai, yale yaliyokwisha kutumika pia yanafaa, kisha uloweke merikani humo usiku mzima. Itatoka na rangi ya kahawia hafifu. Ukitaka weusi zaidi usihangaike na chai, tafuta sketi au suruali ya mtumba ya rangi hiyo, ya pamba, iliyoraruka mahali pamoja tu.

Nguo za mdoli zitatoka kwa fundi cherehani. Wakati mzuri ni Desemba na Januari, mafundi wakishona sare za shule, vipande vimejaa chini ya meza. Mwendeeni kwa heshima, mkiwa na gunia safi, na mrudi siku mliyosema. Mkikaa wiki tatu atavitupa na hatawaamini tena. Tena msidhani atawapa bure milele. Akiona wadoli wanauzwa atataka kitu, na hiyo ni haki yake, kwa hivyo mpatane mapema.

Kila kipande kifuliwe kabla ya kukatwa. Pamba ikilowa mara ya kwanza hupungua, na mdoli akifuliwa na mwenyewe atajikunja shingo. Leso na vitenge vipya pia hutoa rangi. Lowesha kitambaa cheupe, sugua juu ya leso, na kikishika rangi endeleeni kufua mpaka maji yatoke safi.

Sasa tufike kwenye kujaza tumbo, maana hapa ndipo vikundi vingi huanguka. Kikundi kimoja tunachokijua kilitaka wanasesere wao wakae vizuri mezani, basi kikawatia maharagwe makalioni. Wadoli ishirini walipelekwa kwa mwenye duka mjini, wakapendwa sana. Baada ya miezi miwili alivirudisha vyote: maharagwe yamebunguliwa, unga unamwagika kwenye mishono, na wadudu wameingia hata kwenye vikapu vya watu wengine. Pesa zilizokuwa zimetengewa karo ya mayatima wawili zikaenda kumlipa yule mwenye duka. Mweka hazina alilaumiwa, ingawa si yeye aliyetia maharagwe. Kwa hivyo chochote kinacholiwa na binadamu au mdudu kisiingie ndani ya mdoli: si maharagwe, si mtama, si pumba.

Tieni nini basi? Pwani kuna sufi ya msufi, nyepesi na laini kabisa. Mnaofuga kondoo mnayo manyoya, lakini yaoshwe kwa maji ya moto na sabuni mpaka mafuta yaishe, kisha yaanikwe yakauke hata katikati. Wengine wote tumieni fulana kuukuu zilizokatwakatwa vipande vidogo kama ukucha. Mdoli wa sentimita 30 humeza fulana moja hadi mbili za mtu mzima, kwa hivyo kusanyeni nyingi kuliko mnavyofikiri. Sponji ya godoro tunaikataa. Husagika, na ikishika moto huwaka haraka kwa moshi wenye sumu, na mtoto wa kijijini hulala karibu na jiko. Mkitaka mdoli akae, shoneeni kokoto safi za mtoni ndani ya kifuko cha merikani chenye mshono mara mbili, na huyo awe wa pambo la nyumba, si wa mtoto mchanga.

Vifungo vya macho ni vizuri kwa pambo. Kwa mtoto wa chini ya miaka mitatu, tarizini macho kwa uzi, maana kifungo kiking'oka huingia kooni.

Vya kununua ni vichache: sindano, uzi imara, na makasi ambayo hayatagusa karatasi. Makasi ya kikundi yakikata karatasi wiki moja, wiki ya pili yanatafuna kitambaa.

Upande wa kuchora, tunazungumza juu ya kuchora bila kuiga picha, mkono ukifuata moyo. Tumeona kazi hii ikiwasaidia watoto waliofiwa, wale ambao ukiwauliza swali wanatazama chini. Vifaa navyo ni rahisi. Karatasi ni upande mweupe wa kalenda za mwaka uliopita na maboksi ya dukani. Burashi ni kijiti kilichotafunwa kama mswaki, au unyoya wa kuku. Edward Saidi Tingatinga, aliyeanza kuchora Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960, alitumia mabaki ya mbao za ujenzi na rangi ya kopo kama ile ya kupakia baiskeli. Alifariki 1972, na hadi leo mtindo ule unaitwa kwa jina lake.

Ila rangi ya kopo msiwape watoto. Nyingi za zamani zilikuwa na madini ya risasi, ambayo hudhuru ubongo. Msitumie pia ule unga mweusi wa betri za tochi tuliouzoea kwenye ubao wa shule, una sumu. Weusi tutwange mkaa, weupe tuchukue unga wa chaki, wekundu ni udongo wetu. Twanga udongo, uchuje kwa soksi ya nailoni, koroga katika maji, acha utulie, mwaga maji ya juu, anika. Ukitaka kuchora changanya na uji mzito wa unga wa muhogo, wa siku hiyo tu kwa sababu huchacha. Kiini cha yai hushika zaidi. Wachoraji wa zamani wa picha takatifu walikitumia kwa karne nyingi. Manjano ya bizari inapendeza lakini jua huififisha, udongo haufifii.

Mtoto akimaliza, usimwulize "hii ni nini?" wala usimrekebishe. Mwambie tu, "Nieleze habari ya picha yako." Akinyamaza, mwache. Na picha yake isitundikwe ukutani kabla hajakubali.

Katika mkutano ujao zungumzeni haya: Ni nani kati yetu ana mahali pakavu, pasipo na panya, pa kuweka magunia? Ni fundi yupi tutamwendea kwanza, na tutapatana naye vipi? Na kama mnunuzi akirudisha mdoli, hasara ni ya aliyemshona au ya kikundi kizima? Jibu la swali hilo la mwisho liandikwe kwenye daftari la kikundi kabla ya mdoli wa kwanza kushonwa.