GITAA LA UMEME: KUNUNUA KWA AKILI NA KUJIFUNZA NYUMBANI

Somo kwa vijana wa kwaya na kwa wazee wa kanisa
Someni kwanza: Luka 14:28-30 na 1 Samweli 16:14-23



Msimu wa kuuza mavuno ukifika hapa Kapalamsenga, maombi ya kwaya huja pamoja nao. Mara nyingi ombi ni lile lile: kanisa lisaidie kununua gitaa la umeme. Wako wazee wasemao kwamba gitaa ni chombo cha dansi, na wako vijana wasemao kwamba bila gitaa hawataimba tena. Sisi twaona kwamba ombi ni jema, lakini fedha ya mahindi, mpunga na tumbaku ni jasho la watu. Tumeona katika makanisa mbalimbali vyombo vya bei kubwa vikikaa kabatini, vingine vimeharibika, na vingine vizima kabisa ila hakuna ajuaye kuvipiga. Bwana Yesu alisema habari za mtu atakaye kujenga mnara, ambaye yampasa aketi kwanza ahesabu gharama. Katika somo hili tuketi tuhesabu.

Kwanza tujibu neno la wazee, tusije tukalipita. Marehemu Remmy Ongala, mzaliwa wa Kindu katika Kongo, alikuja Tanzania mwaka 1978 kupiga katika bendi ya Makassy, na baadaye akajulikana nchi nzima kwa muziki wa dansi akiwa na Super Matimila. Katika miaka yake ya mwisho, kabla hajafa mwaka 2010, aliimba nyimbo za Injili. Mtu ni yule yule na vidole ni vile vile. Basi swali la wazee liwe hili: ni nani atakayelipiga gitaa hilo, na amejifunza nini?

Gitaa la umeme hufanyaje kazi? Chini ya nyuzi mna sumaku ndogo zilizozungushiwa waya mwembamba sana wa shaba, na chombo hicho wapigaji hukiita pikapu. Uzi wa chuma ukitikisika juu ya sumaku, umeme mdogo huzaliwa katika waya ule, kisha hupelekwa kwenye amplifaya ukuzwe. Ndugu zetu wanaochimba shaba hapa kwetu wasidhani kazi yao iko mbali na kwaya! Twaeleza jambo hili kwa sababu lina faida. Uzi wa nailoni au mshipi wa kuvulia samaki hautatoa sauti katika gitaa la umeme, hata ukikazwa namna gani, maana sumaku haiujui. Nyuzi lazima ziwe za chuma, na ziwe za gitaa la umeme.

Sasa habari ya kununua. Kosa kubwa ni kununua kwa macho. Kijana huona amplifaya kubwa yenye taa nyekundu, fedha yote huishia hapo, na gitaa likawa la kubahatisha. Sisi twashauri kinyume chake. Fedha ikigawanywa mafungu 10, mafungu 6 yawe ya gitaa lenyewe, 2 ya amplifaya ndogo, 1 ya nyuzi za akiba, waya na mfuko wa kubebea, na 1 libaki kwa mtunza hazina kwa ajili ya matengenezo. Amplifaya ndogo yaweza kubadilishwa baadaye. Lakini mwanafunzi akianza na gitaa lenye shingo iliyopinda, atadhani ni yeye asiyejaliwa kipawa, naye ataacha.

Gitaa la kwanza liwe la nyuzi 6. Besi ingoje, kwa kuwa sauti zake nzito hudai spika kubwa na umeme mwingi. Kuna magitaa ya wanaoanza yaliyotengenezwa na kampuni zenye sifa, kama vile Yamaha aina ya Pacifica, Squier ambayo ni ya kampuni ya Fender, na Ibanez aina ya GIO. Lililotumika si baya likikaguliwa vema, na mara nyingi ni bora kuliko jipya lisilo na jina. Ikiwa mtu anatumwa Dar es Salaam, kwenye maduka ya Kariakoo, au hata Mpanda mjini kwa kwaya inayouza la zamani, asiende peke yake kama hajui kupiga. Wala fedha isitumwe kwa simu kwa muuzaji ambaye hamjamwona.

Ukaguzi wenyewe si mgumu. Shika gitaa kama fundi anavyotazama ubao, jicho moja limefumbwa, uangalie shingo kutoka kichwani hadi kwenye mwili. Ikiwa imepindika kama upinde, au imejisokota, liache. Kisha piga kila uzi katika kila kipingo cha chuma kilicho shingoni, ambavyo wapigaji huviita freti, usikilize kama kuna mlio wa kukwaruza au mahali pasipotoa sauti. Halafu piga uzi wazi, kisha ubonyeze kwenye freti ya 12 upige tena: sauti iwe ile ile, ila ya juu kwa daraja zima, kama do ya chini na do ya juu. Kama hazipatani hata kidogo, uliza kwa nini. Mwisho lichomeke kwenye amplifaya, uzungushe vifungo vyote na kutikisa waya pale unapoingia. Mkwaruzo mdogo wa vifungo husafishwa. Sauti ikikatika-katika, fundi wa redio aweza kulehemu, lakini bei ishuke.

Twaja kwenye umeme. Wengi wetu nyumbani twategemea sola. Amplifaya ya kujifunzia ya wati 10 au 15 yatosha kabisa chumbani, hata kwa kwaya ndogo. Tuseme inavuta wati 40 pamoja na upotevu wake. Betri ya volti 12 yenye ampea-saa 40 ina akiba ya wati-saa 480, lakini betri ya kawaida ya risasi isitumiwe kupita nusu, isije ikafa mapema. Zabaki 240, na inveta nayo hula sehemu yake, tuseme zabaki 200. Gawanya kwa 40, wapata saa 5. Hizo ni saa 5 zinazonyang'anya taa ya watoto wanaosoma, na yafaa mwenye nyumba ajue. Tena inveta za bei rahisi sana hutoa mngurumo ndani ya amplifaya. Mngurumo ukizidi, msilaumu gitaa kabla ya kujaribu kwenye umeme mwingine. Zipo pia amplifaya ndogo zitumiazo betri za tochi, na vipo vidude vinavyochomekwa kwenye gitaa na kusikilizwa kwa vifaa vya masikioni. Hivyo vyafaa sana kwa mwanafunzi.

Msichomeke gitaa katika redio ya nyumbani na kufungua sauti hadi mwisho. Spika za redio hazikutengenezwa kwa kazi hiyo, na nyingi zimepasuka hivyo. Wala mtu asishike vyombo vya umeme akiwa amelowa mvua, hasa pale ambapo waya za kanisa zimeungwa-ungwa.

Lakini neno tunalotaka kila kijana alishike ni hili: kujifunza gitaa la umeme hakuhitaji umeme. Likipigwa bila kuchomekwa hutoa sauti ndogo, yatosha sikio la mpigaji, wala jirani haamki. Ng'ambo ya ziwa letu la Tanganyika, katika Katanga, Jean-Bosco Mwenda alirekodiwa na Hugh Tracey mwaka 1952 akipiga gitaa moja la kawaida lisilo na waya wala spika, kwa kidole gumba na cha shahada tu. Jina lake likasikika mpaka Nairobi na mbali zaidi. Wazee wetu wengine walianza na gitaa la debe lenye nyuzi za breki ya baiskeli.

Mwanzo wa kujifunza ni kupatanisha nyuzi. Nyuzi 6, kutoka uzi mnene hadi mwembamba, ni E, A, D, G, B, E. Mnene huhesabiwa wa 6, mwembamba wa 1. Simu nyingi zaweza kuwekewa programu ya kupimia sauti hizi. Asiye na simu ya namna hiyo apate sauti ya uzi wa 6 kutoka kinanda, kisha abonyeze freti ya 5 ya uzi huo, apatanishe uzi wa 5 nayo. Freti ya 5 ya uzi wa 5 yampa wa 4, na freti ya 5 ya uzi wa 4 yampa wa 3. Hapo njia inabadilika: kwa uzi wa 2 abonyeze freti ya 4 ya uzi wa 3. Kisha arudi kwenye freti ya 5 ya uzi wa 2 apate wa 1.

Waimbaji wetu wana faida wasiyoijua. Wamefundishwa sauti kwa do, re, mi. Ikiwa do ni G, basi nyuzi wazi za gitaa, kutoka mnene, ni la, re, so, do, mi, la. Ziimbeni kabla ya kuzipiga! Mwimbaji mwenye sikio zuri atasikia uzi uliolegea kabla simu haijamwambia.

Baada ya hapo ni mafungu ya sauti, ambayo wapigaji huyaita kodi (hii haikusanywi na serikali). Tatu zatosha kwa miezi ya kwanza. Ya G ni do, mi, so: kidole cha kati uzi wa 6 freti ya 3, cha shahada uzi wa 5 freti ya 2, cha pete uzi wa 1 freti ya 3. Ya C ni fa, la, do: cha pete uzi wa 5 freti ya 3, cha kati uzi wa 4 freti ya 2, cha shahada uzi wa 2 freti ya 1, na uzi wa 6 usipigwe. Ya D ni so, ti, re: cha shahada uzi wa 3 freti ya 2, cha kati uzi wa 1 freti ya 2, cha pete uzi wa 2 freti ya 3, na nyuzi za 6 na 5 zisipigwe. Kidole kikae karibu na kipingo, nyuma yake kidogo, si juu yake. Ncha za vidole zitauma majuma kadhaa, kisha zitakuwa ngumu.

Kwa kodi hizi tatu mtu aweza kusindikiza "Yesu Kwetu ni Rafiki" wimbo mzima. Tuni yake ilitungwa na Charles Converse mwaka 1868. Mstari wa kwanza waenda G kisha C, wa pili G kisha D. Wa tatu ni G kisha C tena, na wa nne G, kisha D, na kurudi G. Nusu ya pili yaanza na D kwenda G, kisha C, G na D, halafu mistari miwili ya mwisho hufanana na wa tatu na wa nne. Hesabu nne-nne kwa mguu. Kazi ngumu ni kuhama kutoka kodi moja kwenda nyingine bila kusimama, kwa hiyo zoeza kuhama huko peke yake, polepole, kabla ya kuimba.

Dakika 20 kila jioni zashinda saa 3 za Jumamosi. Vijana wetu hupenda kuanza na solo, kwa kuwa solo ndiyo isikikayo. Sisi twasema aanze na ridhim. Asiyeweza kushika mwendo wa kodi tatu, solo yake itakimbia na kuwaacha waimbaji nyuma, nasi tumekwisha kuketi katika ibada za namna hiyo.

Lipo jambo moja ambalo halmashauri ya kanisa yapaswa kuliamua kabla ya kununua, nalo ni mahali pa kulala gitaa. Likifungiwa kabatini na kutolewa Jumapili tu, hakuna atakayejua kulipiga. Daudi aliitwa kwa Sauli kwa sababu alikwisha kujua kupiga kinubi. Hakupewa kinubi siku ile aanze kutafuta sauti mbele ya mfalme. Twapendekeza liwe la kanisa, liandikwe katika daftari la mali, lakini liende nyumbani kwa wanafunzi wawili au watatu kwa zamu ya juma zima, na kila mmoja atie sahihi. Mmoja wao awe msichana. Mzazi wake akihofia maneno ya watu, wazee waende kuzungumza naye. Nyumbani lisitundikwe chini ya bati penye joto, nyuzi zipanguswe kwa kitambaa kikavu baada ya kupiga, na lisisafirishwe kwa pikipiki bila mfuko wake. Uzi mwembamba ndio hukatika kwanza, kwa hiyo seti mbili za akiba zinunuliwe siku ile ile, maana kuufuata uzi mmoja Mpanda ni nauli ya bure.

Maswali ya kuzungumza katika mikutano ya vijana

Katika kwaya yetu, ni nani awezaye sasa hivi kuimba la, re, so, do, mi, la bila kusaidiwa? Je, yuko mtu katika kijiji hiki, awe wa kanisa letu au la, ambaye ajua kupiga na angekubali kufundisha jioni moja kwa juma, nasi tungempa nini kwa kazi yake? Na kama fedha iliyokusanywa yatosha gitaa tu bila amplifaya, tulinunue sasa na kuanza, au tungoje mavuno mengine?