Somo: Tumjue Nondo Mdogo wa Nyanya



Leo tujifunze juu ya mdudu mdogo anayeweza kumaliza shamba zima la nyanya. Wataalamu humwita Tuta absoluta. Wenzetu wa Tanzania walimpa jina kantangaze.

Anafananaje? Ni nondo, ndugu wa kipepeo. Urefu wake ni milimita 5 hadi 7 tu, kama punje ya mchele. Ana rangi ya kijivu inayong'aa kidogo, na mabawa ya mbele yana madoadoa meusi. Mchana hujificha katikati ya majani. Ndiyo maana wengi hatumwoni yeye, tunaona hasara tu.

Ametoka wapi? Asili yake ni Amerika ya Kusini. Mwaka wa 2006 alionekana Hispania, akavuka mpaka Afrika ya Kaskazini, akashuka Sudan na Ethiopia. Mwaka wa 2014 akapatikana hapa Kenya. Huruka, na pia husafirishwa ndani ya makreti ya nyanya na miche.

Anaharibu vipi? Nondo mwenyewe hali jani. Jike hutaga mayai hata 260, na viwavi wakitoka huingia ndani ya jani, baadaye hutoboa matunda. Tusichanganye: mistari myembamba iliyopindapinda ni kazi ya inzi mdogo wa majani. Madoa mapana yaliyokauka, yenye uchafu mweusi ndani, ni ya huyu. Dawa haimfikii vizuri akiwa ndani ya jani, na ukirudia dawa ile ile kila mara, anaizoea.

Tufanye nini?

1. Tukague majani kila wiki, juu na chini.
2. Majani na matunda yaliyoshambuliwa tuyachume, tuyafukie kwenye shimo refu. Tusiyatupe kando ya shamba.
3. Tuweke mtego wa harufu ya jike juu ya karai la maji yenye sabuni. Madume watazama.
4. Baada ya mavuno tung'oe mabaki yote. Tusifuatishe viazi, biringanya wala mnavu, kwa sababu huishi humo pia. Tupande maharagwe au vitunguu.

Mkulima mmoja akisafisha na jirani asisafishe, kazi ni bure, maana nondo hajui mpaka wa shamba.

Maswali ya kujadiliana

1. Ni dalili gani tumeziona mashambani mwetu?
2. Nani katika kikundi atakagua mitego, na siku gani?
3. Tutazungumza vipi na majirani wasio wanachama?