Somo: Utalii wa Chakula Unaorudisha Faida kwa Bahari na Shamba

Utalii wa chakula ni safari anayofanya mgeni ili aonje mapishi ya mahali na aone chakula kinavyopatikana. Mapato yake huweza kufaidi kijiji kwa msimu mmoja tu, yakaacha bahari na mashamba yamechoka. Utalii unaohuisha ni ule unaokiacha chanzo cha chakula kikiwa bora kuliko ulivyokikuta.

Funzo kutoka Gazi

Miaka ya 1970, mikoko ya Ghuba ya Gazi, Msambweni, ilikatwa kwa wingi kuwa kuni za viwanda. Miaka ya 1990 wakazi na watafiti wa KMFRI walikuwa wakiipanda upya. Tangu 2013, mradi wa Mikoko Pamoja wa wakazi wa Gazi na Makongeni unalinda hekta 117 za mikoko na kuuza hewa ya kaboni. Fedha zake zimesaidia maji na elimu vijijini.

Hapo hapo Gazi, akina mama wana njia ya mbao inayowapitisha wageni katikati ya mikoko, na huwapikia vyakula vya Kiswahili. Shughuli hizi zinategemeana. Samaki wachanga, kamba na kaa hukulia kwenye mizizi ya mikoko. Mikoko ikiisha, mgeni hana cha kutazama na mpishi hana cha kupika.

Hesabu ya sahani moja

Tuseme, kwa mfano tu, sahani ya wali wa nazi na samaki inauzwa shilingi 600. Mvuvi wa kijijini anapata 200, mkulima wa nazi na mboga 80, duka la mchele na mafuta 100, na wapishi 150. Zinabaki 70.

Kikundi kikigawana zote 70, bahari haikupata kitu. Kikitenga 30 kwa kila sahani, sahani 500 zitaleta shilingi 15,000 za kitalu cha miche ya mikoko. Na samaki akinunuliwa kwenye friza mjini, zile 200 za mvuvi zimeondoka kijijini.

Mambo ya kuzingatia

1. Nunueni kwa mvuvi na mkulima wa karibu, na mwandike kila ununuzi daftarini.
2. Msinunue samaki wachanga wala samaki wa juya. Uvuvi wa juya umepigwa marufuku. Kaa jike mwenye mayai arudishwe majini.
3. Msipikie kuni za mikoko. Kuikata bila kibali ni kosa.
4. Chakula kifuate msimu. Wakati wa kusi bahari ikichafuka, mgeni apewe muhogo wa nazi, kunde au mchicha badala ya kumshinikiza mvuvi.
5. Kila anayepika au kupakua chakula cha kuuza apimwe afya na awe na cheti. Muulizeni afisa wa afya ya umma wa eneo lenu.

Maswali ya kujadili kikundini

Katika sahani mnayouza, ni shilingi ngapi zinabaki kijijini? Ni kiasi gani kinarudi kwenye mikoko, bahari au shamba? Nani anaweka daftari, na wanachama hulikagua lini?

Kikundi kinachoweza kujibu maswali haya matatu kwa kufungua daftari kina msingi wa kupokea wageni mwaka huu na miaka ijayo.