FEDHA ZA MSAADA: TUSOME KABLA YA KUSAINI

Somo letu la leo linahusu fedha za msaada. Sisi wa Tunduma, Mbozi, Momba, Ileje na Songwe tunayafahamu mashirika ya misaada. Tuko mpakani na Zambia. Malori yanapita usiku na mchana, wageni ni wengi, na magonjwa nayo hupita njia hiyo hiyo. Ndiyo maana mashirika mengi yamefika kwetu. Yako ya kulea yatima, ya kufundisha juu ya UKIMWI na ya kuchimba visima. Mengi yanafanya kazi njema na tunayashukuru. Lakini wahenga walisema, kwenye msafara wa mamba na kenge wamo.

Fedha hizi ni za nani?

Mtu akitoa msaada, hatoi kwa ajili ya mwenye shirika. Anatoa kwa ajili ya yatima, mgonjwa au mjane. Huenda mtoaji ni mzee wa Ulaya anayeishi kwa pensheni. Huenda ni Mtanzania mwenzetu aliyetuma elfu mbili kwa simu. Shirika limeshikishwa tu fedha hizo, kama vile mtunza hazina wa kikundi anavyoshika hela za wanachama. Basi anayezila hamwibii mfadhili peke yake. Anamwibia na yule yatima.

Yaliyotokea Uganda

Hebu tutazame kwa jirani zetu. Mfuko wa Dunia wa kupambana na UKIMWI, kifua kikuu na malaria uliipatia Uganda fedha nyingi. Sehemu ya fedha hizo ilipitia kwenye mashirika ya watu binafsi. Mwezi Agosti 2005 Mfuko huo ulisimamisha misaada yake Uganda kwa sababu fedha zilikuwa zikisimamiwa vibaya. Misaada ilifunguliwa tena mwezi Novemba mwaka huo huo. Tume iliyoongozwa na Jaji James Ogoola ilichunguza jambo hilo.

Mmoja wa walioshitakiwa alikuwa Teddy Ssezi Cheeye. Alikuwa ofisa mkubwa wa serikali, na pia alikuwa na shirika lake. Jina la shirika hilo kwa Kiswahili ni Kituo cha Uwajibikaji cha Uganda. Jina zuri kweli! Lilipokea zaidi ya shilingi milioni 100 za Uganda kwa kazi ya kupambana na magonjwa hayo vijijini. Mahakama iliona kwamba kazi haikufanyika na kwamba karatasi zilighushiwa. Mwezi Aprili 2009 Cheeye alihukumiwa kifungo cha miaka 10.

Tunajifunza mambo mawili. Kwanza, jina zuri si ushahidi wa kazi nzuri. Pili, wizi wa wachache huumiza wengi. Misaada ikisimamishwa, mgonjwa asiyejua lolote juu ya wizi huo ndiye anayebaki na wasiwasi wa dawa.

Wizi unapitia wapi?

Mara nyingi unapitia kwenye karatasi. Tuchukue mfano. Watu wanakuja kijijini na gari safi. Wanaitisha mkutano wa saa moja. Kila mtu anapewa soda, kisha anaambiwa, "Mama, weka sahihi hapa, ni ya mahudhurio tu." Nafasi ya fedha haijajazwa. Wakisharudi mjini wanaijaza: posho shilingi elfu thelathini kwa kila mtu, semina siku tatu. Mfadhili anaona sahihi zenu na kuamini. Si mnaona? Mmekunywa soda, na mmegeuzwa kuwa mashahidi wa uongo.

Wengine wanapiga picha za watoto na kuandika majina yao, kisha hawaonekani tena. Na wengine wanauza fomu: "Toa elfu tano, mwanao atapata mfadhili." Anayetaka kukusaidia hakuuzii fomu.

Tufanye nini?

1. Tusome kabla ya kusaini. Kama nafasi ya fedha iko wazi, tusisaini wala tusiweke dole gumba. Hii ndiyo faida ya kisomo chetu.

2. Tuulize cheti cha usajili. Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ni ya mwaka 2002, Namba 24. Ofisa Maendeleo ya Jamii wa wilaya anaweza kutusaidia kujua kama shirika limesajiliwa.

3. Tuulize mapato na matumizi. Kanuni za mwaka 2018 zinalitaka shirika litangaze hadharani fedha linazopata zinapozidi shilingi milioni 20. Kuuliza si utovu wa adabu. Mwenye mikono safi hakasiriki.

4. Wageni waanzie kwa mwenyekiti wa kijiji au mtaa. Lakini naye tumwulize kwenye mkutano mkuu. Kuna wakati mwizi wa nje anafunguliwa mlango na mtu wa ndani.

5. Tukiona rushwa au wizi, tutoe taarifa TAKUKURU. Namba yao ya simu ni 113, na haina malipo.

Ndugu wasomaji, zamani tuliwekewa kidole kwenye wino na wengine walitusomea. Leo tunasoma wenyewe. Tusiuze sahihi zetu kwa chupa ya soda.

Maneno magumu
Kughushi: kutengeneza karatasi au sahihi ya uongo.
Mfadhili: mtu anayetoa msaada.
Uwajibikaji: kukubali kuulizwa na kujibu juu ya kazi uliyopewa.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi
1. Kwa nini misaada ilisimamishwa Uganda mwaka 2005? Nani waliumia?
2. Je, umewahi kusaini karatasi bila kuisoma? Ungefanya nini leo?
3. Mtunza hazina wa kikundi chenu anasoma hesabu mara ngapi kwa mwaka?